Biti za rangi ya dhahabu: miezi miwili kazini Katwe

Kazi yangu ni mageti na meza za stenlesi (chuma kisichoshika kutu), hapa Katwe, Kampala. Stenlesi ndiyo inayonimalizia biti za kutobolea: joto halitoki upesi, chembe zinang'ang'ania makali, halafu biti inapiga kelele na kuungua ncha.

Nilinunua tano za milimita 8 zenye ngozi ya titani naitraidi, shilingi 18,000 kila moja. Ngozi hiyo ni mikroni chache tu, lakini ni ngumu kuliko chuma kilicho chini yake, na chembe haziigandi ovyo. Kwenye bamba la milimita 3, biti ya kawaida ilinipa matundu kama 15 kabla ya kunoa. Ya kwanza kati ya hizi ilifika 52, nikihesabu kwa chaki ukutani. Nyuzi za chuma zilitoka ndefu, zimejikunja vizuri, bila kugeuka buluu kwa joto.

Ila ukishainoa, ncha inabaki uchi. Ngozi hubaki kwenye mfereji unaoizunguka biti tu. Hapo naipaka grisi nyeusi ya molibdenamu, ambayo matabaka yake huteleza kama karata mpya. Inasaidia, ingawa si kama mwanzo. Na mafuta ya kukatia usiyaache: kijana wangu alitoboa kavu, mashine ikiwa kasi, akaiua biti mpya kwa dakika moja.

Duka jingine mjini liliniuzia za nusu bei. Dhahabu ilibanduka kwa kucha, rangi tupu! Iliniuma sana, maana ile ilikuwa pesa ya mteja.

Juzi nimerudi kwa muuzaji wa kwanza, nimechukua tano nyingine.