Fraipani ya Makoroboi, sato wa kwanza alinitoa jasho
Hii fraipani isiyoshika nimeinunua Makoroboi, sokoni Mwanza, elfu kumi na nane baada ya kuvutana bei weee, maana nimechoka chipsi za kila siku nikasema ngoja nijifunze kupika. Sato wa kwanza kutoka soko la samaki Mwaloni ngozi yote ikabaki chini, nikamlaani muuzaji, kumbe mimi ndo nilimtia samaki anachuruzika maji na mafuta hayajapata moto. Dada jirani akanambia mkaushe kwanza, mchanje, mpake chumvi na ndimu, afu usimguseguse! Wa pili katoka mkavu, ngozi inalia kacha. Mkono wa fraipani ndo wa hovyo, wiki ya pili tu unacheza, nakaza skrubu kwa ncha ya kisu. Chapati bado zinatoka ramani ya Ukerewe.