Balbu ya LED: kabla ya kuuliza wati, uliza kama inacheza

Wasomaji wanaoniandikia kuhusu taa za LED wana kilio kimoja: kichwa kinauma, macho yanachoka, na kila wanayemweleza anasema taa iko sawa. Haoni kwa sababu kucheza kwa mwanga hakuonekani kwa macho. Kwenye umeme wa hezi 50, mwanga wa balbu mbovu hupanda na kushuka mara 100 kwa sekunde. Jicho halitambui, lakini mwili hausalimiki: utafiti wa ofisini uliochapishwa Uingereza mwaka 1989 ulikuta maumivu ya kichwa na uchovu wa macho yakipungua kwa zaidi ya nusu pale tyubu za fluoresenti zinazocheza zilipofungiwa balasti (vifaa vya kuziendesha) za masafa ya juu.

Wati, lumeni na rangi nayaruka, boksi linakueleza. Mchawi yumo kwenye kitako cha balbu: draiva, saketi inayogeuza umeme wa ukutani uifae LED. Watengenezaji wabana matumizi huweka kapasita dogo mno, au hawaweki kabisa, na hakuna cha kusawazisha umeme.

Kupima ni rahisi. Washa balbu karibu na ukuta mweupe, urekodi kwa simu video ya mwendo wa polepole. Ukiona milia myeusi inatambaa, au ukuta unafifia na kung'aa, rudisha. Usitumie video ya kawaida, kwani simu nyingi hurekebisha na kuuficha ubovu. Mwenye kipimo halisi achukue mwanga wa juu kabisa, atoe wa chini kabisa, agawe kwa jumla ya yote mawili, kisha azidishe kwa 100. Mwongozo wa 1789 wa IEEE, chama cha kimataifa cha wahandisi wa umeme, wa mwaka 2015 unaona asilimia 8 kwenye hezi 100 kuwa mwisho wa hatari ndogo. Mimi naitaka chini ya 3.

Namba moja kwangu ni Philips za EyeComfort, na upendeleo sifichi. Pili, IKEA. Tatu, yoyote yenye lebo ya nishati ya Umoja wa Ulaya: skani ile QR, utafute SVM (kipimo cha kucheza kwa kasi) isiyozidi 0.4 na PstLM (kipimo cha kucheza kwa polepole kunakoonekana) isiyozidi 1. Zile za bei poa zisizo na jina, kamera kwanza, hela baadaye. Na ukiwa na dima, pima tena mwanga ukiwa umeshushwa. Hata nzuri huumbuka hapo.

Kinachonichefua ni maboksi. Rangi milioni 16 zimeandikwa, saa 25,000 zimeandikwa, ila SVM hata kwa herufi za sisimizi hakuna. Ukimuuliza muuzaji, “Dada, hii ni orijino.” Ukimwomba aiwashe uirekodi, anakuuliza kama umekuja kununua au kukagua.