Hita ya bafu imeungua: ununue ipi badala yake?

Kama hita yako ni shawa ya umeme, kabla ya kukimbilia dukani zima breka yake, fungua kichwa cha shawa upime elementi (ule waya unaopasha maji moto) kwa mita ya fundi umeme. Elementi nzima ya wati 5500 husoma omu 9 hadi 10 na kitu. Mita isiposoma chochote, elementi imekatika, na elementi ya akiba huuzwa peke yake kwa bei ndogo kuliko shawa mpya. Kuibadilisha ni kazi fupi.

Lakini ukikuta plastiki imeyeyuka pale waya zinapoungana, usinunue kitu kwanza. Mara nyingi kosa hapo ni la waya au konekta, na hita mpya itaungua palepale. Piga hesabu: wati 5500 kwa volti 220 ni ampea 25. Kifaa hichohicho kikipewa volti 240 za Kenya kinavuta ampea 27 hivi, na nguvu yake inapanda kufikia wati 6500. Waya wa 2.5 mm ni wa soketi, hauuwezi mzigo huo. Ule wa 4 mm unajikongoja. Vuta wa 6 mm moja kwa moja kutoka kwenye breka yake ya ampea 32, upitie swichi kubwa ya ampea 45 iliyo nje ya bafu, ile inayokata laini na nyutro kwa pamoja. Kiungo kiwe konekta ya kauri. Ya plastiki hulainika, skrubu inalegea, kiungo kinazidi kupata moto, na ndipo unaposikia harufu ya kuungua ukiwa na sabuni usoni.

Sasa hita zenyewe, kuanzia inayofaa zaidi. Mpangilio huu ni wa bafu moja katika fleti au nyumba ya kupanga.

1. Shawa ya papo hapo yenye elementi iliyofunikwa, inayouzwa kama ya maji ya chumvi. Tunaiweka juu kwa sababu majengo mengi hutegemea kisima au boza, na chumvi hupitisha umeme vizuri sana. Waya wa elementi iliyofunikwa haugusani na maji, kwa hiyo hauliwi upesi, wala umeme hauvuji mpaka bombani. Ni ghali kidogo kuliko ya kawaida. Lipa.

2. Shawa ya papo hapo yenye elementi wazi, kama Lorenzetti za kawaida kutoka Brazili na nyingi zinazofanana nazo. Maji yakiwa matamu ya mfereji, hii inatosha. Ukiwa na breka ya kukata umeme unaovuja, itaangusha breka hiyo mara kwa mara. Dawa si kuitoa breka, ni kurudi kwenye namba 1. Waya wa ethi (ule wa kupeleka umeme ardhini) ni lazima kwa zote mbili, na fundi anayeukunja na kuuficha ukutani mlipe nauli arudi kwao.

Angalia presha pia. Shawa hizi huwaka pale maji yanaposukuma kiwambo cha mpira kinachogusanisha umeme, na maji hayo yanataka tangi liwe juu ya shawa kwa mita 1 angalau. Anayeishi ghorofa ya juu kabisa, tangi likiwa limekaa kwenye zege la paa, ndiye hulalamika kwamba hita mpya ni mbovu. Tangi likiwa juu mno, weka kile kipunguza presha kinachokuja ndani ya boksi; maji yakikimbia hayapati moto. Kwa lita 4 kwa dakika, wati 5500 huongeza joto nyuzi 20 hivi. Nairobi mwezi wa Julai utazihitaji zote. Mombasa au Dar es Salaam wati 3500 zinatosha na kubaki.

3. Tangi la umeme la lita 30 hadi 50. Linafaa pale waya wa ukutani ni mwembamba na mwenye nyumba hataki kuubadilisha, maana elementi yake ni wati 1500 tu. Lita 50 kutoka nyuzi 20 hadi 60 hula uniti 2.3 na saa moja na nusu. Vali ya usalama isizibwe hata ikidondosha maji, inapumua. Fimbo ya magnesiamu, ile inayoliwa na kutu badala ya tangi, ikaguliwe kila mwaka, na kwenye maji ya chumvi mapema zaidi.

4. Gesi. Hailalamikii umeme kukatika, ila haifungwi bafuni hata kama kuna dirisha. Moshi wake una kaboni monoksaidi, haina harufu, na inaua. Ikae nje ya ukuta. Bila nafasi hiyo, achana nayo.

5. Sola. Kwa mwenye nyumba yake na familia kubwa ingekuwa namba 1. Mpangaji atahama aiache juu ya paa.

Ukishafunga shawa, fungua maji baridi mpaka yatiririke sawasawa, ndipo uwashe swichi. Elementi wazi ikipewa umeme bila maji hukatika ndani ya sekunde chache, na dukani hawairudishi. Wiki moja baadaye zima breka, ukaze tena skrubu za konekta, kwa kuwa waya wa nyuzi nyingi hujipanga upya na kulegea.