Muhula mmoja wa fizikia ya chuo nikiwa na PhET

Ili kujiunga na masomo ya tiba ya viungo hapa Marekani, nililazimika kusoma fizikia ya utangulizi, ile inayotumia aljebra na trigonometria bila kalkulasi. Somo hilo niliachana nalo nilipomaliza kidato cha nne, nikiwa nimekariri milinganyo ambayo sikuwahi kuiona ikifanya kazi. Muhula huu nimejifunza kwa kutumia PhET, majaribio ya kuigiza kwenye kompyuta yanayotolewa bure na Chuo Kikuu cha Colorado Boulder, katika mradi ulioanzishwa mwaka 2002 na Carl Wieman, mshindi wa Tuzo ya Nobel ya Fizikia ya mwaka 2001.

Lililonifaa kuliko yote ni jaribio la mzinga unaofyatua matufe. Darasani tulielezwa kwamba tufe likirushwa kutoka ardhini kwa pembe ya nyuzi 30 au 60, kwa kasi ileile na bila ukinzani wa hewa, hutua umbali uleule, nami niliandika hivyo bila kuamini. Basi nikaushusha mzinga hadi usawa wa ardhi, nikaweka kasi ya mita 15 kwa sekunde, nikakokotoa kwanza kwenye daftari na kupata karibu mita 19.9. Tufe la nyuzi 30 lilipita chinichini likatua; la nyuzi 60 lilipaa, likakawia hewani, kisha likashuka palepale lilipotua la kwanza. Niliporudia hesabu niliona kwamba la pili lilikwenda mbele polepole zaidi lakini kwa muda mrefu zaidi, na kwamba mwendo wa mlalo na wa wima huhesabiwa kila mmoja peke yake, muda ukiwa ndio unaoiunganisha.

Jaribio la sakiti nalo ni zuri: kwa betri ya volti 9, balbu mbili za omu 10 zikiungwa mfululizo hupitisha ampea 0.45, na zikiungwa sambamba kila moja hupata 0.9 na kung'aa zaidi.

Ninasisitiza daftari litangulie, kwa sababu anayefyatua kabla ya kukokotoa hutazama tu, na mtihani hauulizi alichotazama.

Baadhi ya majaribio yametafsiriwa kwa Kiswahili, na mengi hupakuliwa yakatumika bila intaneti. La mzinga nimemtumia mpwa wangu aliye kidato cha tatu Morogoro, naye hunirudishia picha za hesabu zake kila Jumamosi.