Kutná Hora mara ya pili: safari hii wakala nilimwacha Praha

Mara ya kwanza nilipokwenda Kutná Hora, mji wa zamani wa machimbo ya fedha huko Ucheki, nililipia matembezi ya nusu siku kwa wakala mmoja wa Praha, mji mkuu. Basi likatushusha, dakika ishirini kwenye kanisa lililopambwa kwa mifupa ya watu, nusu saa kwenye kanisa kubwa la mji, haya pandeni twende. Mgodi hata hatukuusikia ukitajwa. Mwezi uliofuata nikapanda treni mwenyewe, na ninayoandika hapa ni ya safari hiyo ya pili.

Kutoka kituo kikuu cha Praha ni kama saa moja. Kituo kikuu cha Kutná Hora kiko Sedlec, pembeni ya mji, kwa hiyo mifupa unaifikia kwa miguu kabla hujaingia mjini kwenyewe.

Basi tuimalize hiyo mifupa, maana ndiyo inayoulizwa na kila mtu. Chini ya kanisa dogo la makaburini kuna mabaki ya watu wanaokadiriwa kufika 40,000, wengi wao wa tauni ya karne ya 14 na vita vya Wahus, wafuasi wa mwanamageuzi wa dini Jan Hus, vya karne ya 15. Mwaka 1870 mchonga mbao František Rint aliyapanga yakawa mashada, misalaba na taa kubwa ya kuning'inia, kisha akaandika jina lake ukutani kwa mifupa hiyo hiyo! Mimi niliganda mbele ya nembo ya Schwarzenberg, ukoo wa makabaila: kunguru anadonoa jicho la kichwa cha Mturuki, na kunguru mwenyewe ni mifupa mitupu. Kupiga picha hairuhusiwi. Mahali ni padogo, watu wanasukumana. Nyota tatu.

Nyota tano nimeziweka kwa mgodi wa fedha, unaoingiwa kupitia makumbusho ya Hrádek. Unavishwa koti jeupe refu, kama walivyovaa wachimbaji wa zamani, unapewa kofia ngumu na taa, halafu ngazi, ngazi, ngazi. Chini kuna baridi ya nyuzi 12 hivi na maji yanakudondokea shingoni. Njia ina mita kama 250 tu, lakini kuna sehemu nilipita ubavu-ubavu, tumbo nimelibana, kofia ikigonga mwamba kila hatua mbili. Katikati mtembezaji akatuambia tuzime taa. Niliinua kiganja hadi kikagusa pua, sikukiona. Mzee mmoja nyuma yangu akaanza kucheka peke yake, kicheko cha mtu anayetaka kutoka. Na wachimbaji wale wa zamani walishinda humo na nyundo, patasi na kibatari, kwenye mashimo ambayo mengine yalipita mita 500 kwenda chini.

Sisi tunaita fedha madini na fedha ya matumizi kwa neno moja, na mji huu ni fedha kwa maana zote mbili. Mwaka 1300 Mfalme Václav II wa Bohemia (Ucheki ya zamani) alileta wataalamu wa Kiitaliano, na sarafu zilizoitwa groši za Praha zikaanza kugongwa kwenye jumba ambalo hadi leo linaitwa Vlašský dvůr, yaani Ua wa Waitalia. Jumba lenyewe nililipitia haraka, miguu ilishachoka.

Kanisa la Mtakatifu Barbara, msimamizi wa wachimbaji, liacheni liwe la mwisho. Lilianzwa 1388, likakamilika 1905, kwa kuwa fedha ya ardhini ilipopungua na ujenzi ulisimama. Paa lake ni kama mahema matatu yaliyopangwa mstari. Ndani kuna michoro ya ukutani ya wagonga sarafu wakiwa kazini, na sanamu ya mchimbaji aliyevaa koti jeupe, la namna ile ile niliyotoka kuivua. Mara ya kwanza nilipita mbele yake bila kujua ni nani. Nadhani nilimdhania padri.

Mgodi hufungwa majira ya baridi. Ziara za Kiingereza ni chache, weka nafasi mapema. Vaa viatu visivyoteleza, na kama una woga wa mahali pafinyu, wasubiri wenzako juu. Hakuna pa kugeuzia.