Aldabra iandikwe wapi: kwa bendera au kwa mimea?

Ukishika kielelezo cha mshubiri uliotoka kisiwa cha Aldabra, lebo yake unaweza kuiandika kwa namna mbili.

Ya kwanza ni kufuata bendera: Aldabra ni mali ya Shelisheli, basi andika Shelisheli. Ni rahisi, na serikali zinaipenda kwa sababu sheria za kulinda mimea ni za nchi. Tatizo ni kwamba Mahé, kisiwa kikuu cha Shelisheli, iko zaidi ya kilomita 1,000 kutoka hapo. Mahé ni milima ya itale. Aldabra ni jiwe la matumbawe lililoinuka, kavu, lenye ncha za kukata viatu. Mshubiri wa Aloe aldabrensis huota huko Aldabra tu. Ukiandika "Shelisheli", msomaji atadhani unapatikana kisiwa cha Praslin, chini ya ile minazi ya kokwa pacha. Na Maore (Mayotte), kisiwa cha Komoro kilicho chini ya Ufaransa, je? Kwa bendera, inaangukia Ufaransa pamoja na mimea ya Paris!

Ya pili ni kufuata mimea: mpango wa kimataifa wa kurekodi mtawanyiko wa mimea, unaotumiwa na bustani ya mimea ya Kew huko London, toleo la pili la 2001. Huu unaipa Aldabra alama yake, ALD, mbali na Shelisheli, na Maore inarudi kwa ndugu zake wa Komoro. Visiwa vyote hivyo vinakaa kwenye kanda ya Magharibi mwa Bahari ya Hindi.

Mimi nachagua wa pili, ingawa una dosari: Unguja na Pemba zimemezwa ndani ya Tanzania. Kwa hiyo jina la kisiwa naliandika kwenye lebo daima.