Windows Terminal: Nimejipakia Rangi Zangu, Buluu Ikanitoa Jasho

Mambo vipi wadau. Kabla sijasema lolote, tazameni skrini yangu. Niko ndani ya Ubuntu, yaani Linux, kwenye WSL, ile inayoendesha Linux ndani ya Windows; nimeingia /mnt/c, ndiyo diski C, nimeandika ls, amri ya kuorodhesha mafaili na folda. Mnaona haya majina ya folda? Buluu juu ya kijani! Wiki iliyopita nilikuwa nafundisha kwa projekta, madirisha wazi, jua limejaa chumbani, kijana mmoja wa nyuma akaniuliza, "Mwalimu, hapo pameandikwa kitu kweli?" Jioni ile ile nikakaa kutengeneza rangi zangu. Kwa hiyo leo tunaichambua Windows Terminal, dirisha la Microsoft la kuandikia amri, kwa jicho la mtu anayetaka kuchanganya rangi mwenyewe. Inafaa, ila itakuzungusha.

Kwanza kuna jambo linalowachanganya wengi. Kwenye mipangilio utakuta themes na utakuta schemes. Themes ni fremu ya dirisha na vile vichupo vya juu. Rangi za maandishi zinakaa kwenye schemes. Mtu anahangaika na themes saa nzima, halafu anasema programu mbovu. Sisi tunataka schemes.

Bonyeza Ctrl, Shift na alama ya mkato kwa pamoja, faili la settings.json linafunguka. Scheme moja ina jina, ina rangi 16, yaani 8 za kawaida na 8 za kung'aa, halafu foreground (maandishi), background (usuli), cursorColor (kielekezi) na selectionBackground (usuli wa ulichochagua). Angalizo: zambarau humu inaitwa purple. Terminali nyingi huiita magenta, kwa hiyo ukihamisha rangi kutoka kwingine ukaacha jina hilo, matoleo ya zamani hayakumjua huyo mtu.

Mimi nilianzia kwenye Campbell, ile inayokuja na programu. Buluu yake ni #0037DA juu ya weusi wa #0C0C0C, imezama mno. Nikaweka #6CA8FF, nikahifadhi. Hapa nawasifu: ukihifadhi tu, dirisha linabadilika hapo hapo, hakuna kufunga na kufungua. Lakini folda zangu za nyumbani, zile za /home, hazikutikisika. Nikabadilisha tena. Wapi! Kumbe ls huziandika folda kwa herufi nzito, na Terminal, usipoiambia vingine, herufi nzito huigeuza kuwa rangi ya kung'aa. Niliyopaswa kuigusa ni brightBlue, buluu ya kung'aa.

Haya, nikaigusa, folda za nyumbani zikapendeza. Nikarudi /mnt/c kwa mbwembwe. Jamani, hali mbaya kuliko mwanzo! Zile hazina herufi nzito, zinachukua blue ya kawaida, na buluu nyepesi juu ya kijani ndiyo inapotea kabisa. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba ugonjwa haukuwa kwenye rangi zangu. Linux inaona folda za diski C kila mtu ana ruhusa ya kuandika ndani yake, na ls imeagizwa kuzipaka usuli wa kijani kama onyo. Dawa yake iko kwenye .bashrc, faili la mipangilio linalosomwa ukifungua Ubuntu: mwishoni mwa LS_COLORS, orodha ya rangi za ls, unaongeza ow=01;34, yaani folda zilizo wazi kwa wote ziandikwe kwa herufi nzito za buluu. Kijani kinaondoka. Hakuna scheme ya kupakua ambayo ingenifanyia hilo.

Wasiotaka kuchanganya rangi, kwenye GitHub, tovuti ya kuhifadhi kodi, kuna hazina inaitwa iTerm2-Color-Schemes, na ndani yake folda ya windowsterminal. Unanakili kipande, unabandika ndani ya schemes, unaweka mkato kati ya kimoja na kingine, kisha jina lake unaliandika kwenye colorScheme ya profaili, yaani sehemu ya mipangilio ya Ubuntu yako, herufi kwa herufi. Ila msichague kwa picha. Chukua scheme ya Solarized ya Ethan Schoonover, ya mwaka 2011, watu wanaipenda, nami naipenda. Katika mpangilio wake wa asili, nyeusi ya kung'aa ni ile ile rangi ya usuli wa giza. Programu ikiandika kwa rangi hiyo, maandishi yanamezwa, unabaki kukodoa macho. Na Neovim, programu ya kuhariri maandishi, ukiiwashia chaguo la termguicolors inatumia rangi zake yenyewe, scheme yako haiiulizi.

Lawama yangu kwa Microsoft ni moja: kwenye kurasa za mipangilio sijaona kitufe cha kuingiza faili la rangi. Kubandika kwa mkono mwaka huu! Njia safi ipo, kuweka faili lako ndani ya folda ya Fragments, lakini nani ataigundua bila kuambiwa? Mafundi wameiona. Mwanafunzi wangu wa nyuma hataiona.

Basi, ngoja nifungue pazia jua liingie, tujaribu kwa projekta ile ile. Naandika ls... Haya, wewe uliye mbali na simu yako, nisomee folda ya tatu.